AFYA NYUMBANI: Dawa Moja, Majina Mawili

Mabaka ya mwasho yatokapo usiku, nyumba nzima hukesha. Yakipotea na kurudi kwa muda unaozidi majuma 6, madaktari huyahesabu kuwa ni maradhi ya kudumu. Hapo ndipo subira ya wengi humalizika, na kila kidonge kilichomo nyumbani hujaribiwa.

Huko Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, jambo hili lina hatari yake. Dawa za kutoka Arua huandikwa kwa Kiingereza. Za kutoka Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Chukulia mama aliyenunua klorofeniramini Arua. Mwasho usipotulia, shangazi humpa vidonge vyake vya klorofenamini vilivyovuka mpaka.

"Meza na hivi, mwanangu, huenda vikakufaa."

Mama hudhani amepata dawa ya pili. Kumbe ni ile ile kwa jina jingine. Amekwisha kumeza kipimo maradufu.

Dawa hizo huleta usingizi. Kipimo kikizidi, au zikichanganywa na promethazini, diazepamu au pombe, mtu huweza kupoteza fahamu na pumzi zake kupungua. Promethazini isipewe kamwe mtoto aliye chini ya miaka 2.

Prednisoloni ni ya jamii nyingine. Hutuliza mwasho upesi, na kwa hiyo hupendwa. Lakini ikitumiwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari, kudhoofisha mifupa na kupunguza kinga ya mwili. Ikimezwa pamoja na aspirini au ibuprofeni huongeza hatari ya vidonda vya tumbo, na hizo mbili zenyewe huweza kuzidisha mabaka. Aliyeitumia kwa majuma mengi asiiache ghafla bila shauri la daktari.

Kwa kawaida daktari huanza na dawa isiyoleta usingizi mwingi, kama setirizini. Isipotosha, yeye huweza kuongeza kipimo cha dawa hiyo hiyo, badala ya kurundika dawa nyingi. Marekani na Ulaya ziko pia sindano za omalizumabu, zilizoruhusiwa kwa maradhi haya mwaka 2014. Marekani iliongeza dupilumabu mwaka 2025. Hata huko, mabingwa husita kumdunga mgonjwa mmoja sindano zote mbili, kwa kuwa ushahidi wa usalama wake bado ni mchache. Ikiwa mabingwa husita, sembuse mwenye kopo la vidonge nyumbani?

Basi mgonjwa na atie dawa zake zote mfukoni, pamoja na za kuazima, amwonyeshe mganga zahanatini. Na aulize jina la dawa yenyewe, si la kampuni tu. Iwapo jamaa wote hujikuna usiku, huenda ni upele, ambao una tiba yake.

Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi zikibana, asingoje kupambazuka: apelekwe hospitali mara moja.