Mwanasaikolojia na Lugha Anayoulizia

Wanasaikolojia wa leo huaswa wajichunguze wenyewe kabla ya kuwachunguza wengine. Tangu Melanie Tervalon na Jann Murray-García walipochapisha hoja yao ya unyenyekevu wa kiutamaduni nchini Marekani mwaka 1998, wito huo umeenea katika mafunzo ya taaluma za tiba: mtaalamu ayajue malezi yaliyomkuza, autambue upendeleo alionao, ndipo amkabili mgonjwa. Wito ni mwema. Hata hivyo, mtaalamu huulizwa anaamini nini na ametoka katika jamii ipi, na ni nadra kuulizwa maswali yake ameyaunda katika lugha gani. Ilhali upendeleo ulio mgumu kabisa kuonekana ni ule uliomo katika sarufi ya swali.

Historia ya Afrika Mashariki inatoa ushahidi wa kutosha. J.C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni, alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938, bila ya kuwa na ubingwa wa fani hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo, na kushikilia kuwa sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika. Frantz Fanon alimshambulia vikali mwaka 1961, na wasomi wengi wameishia hapo: Carothers alikuwa mbaguzi, basi. Lakini kosa lake la kitaalamu nalo lina mafunzo. Aliwahesabu waliofikishwa hospitalini, na wanaofikishwa huko kwa nguvu ni wale wanaowasumbua wengine. Mwenye sonona hapigi mtu wala havunji kitu. Hujiinamia nyumbani kwake. John Orley na John Wing walipowafuata watu katika vijiji viwili vya Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979, waliikuta sonona kwa wingi kuliko ilivyoonekana kusini mwa London.

Fanon naye hakuanza salama. Alipofika katika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria, mwaka 1953, alileta mbinu za tiba ya kijamii alizojifunza Ufaransa. Kwa wanawake wa Kizungu zilifanikiwa. Kwa wanaume Waislamu zilianguka kabisa. Yeye na Jacques Azoulay waliandika mwaka 1954 wakikiri kwamba walikuwa wamewavisha watu wa jamii moja vazi la jamii nyingine. Baadaye pakaanzishwa mkahawa wa kienyeji, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, msimulizi wa hadithi akaalikwa. Na muda wote huo Fanon alimsikia mgonjwa kwa kinywa cha mkalimani. Mtu mweusi, adui wa ukoloni, alikuwa ameibeba Ufaransa mkobani asijue.

Hapo ndipo unapotokea mushkili wa mtaalamu mzawa. Yeye hudhani kwamba, maadamu anakisema Kiswahili, hana umbali wowote na mgonjwa wake. Lakini taaluma yake ameisomea kwa Kiingereza, na akiwa kazini hutafsiri kimoyomoyo. Swali lake la kwanza huwa ‘Unajisikiaje?’, tafsiri ambayo sasa imezoeleka mijini. Kwa wasemaji wengi, hata hivyo, mtu ‘anayejisikia’ ni mwenye kuringa. Mgonjwa naye akijibu kwamba ana mawazo, daftari huandikwa kwamba anafikiri mno, kana kwamba ‘kuwa na mawazo’ si namna ya kawaida ya kutaja dhiki.

Jambo zito zaidi limo katika nafasi ya mtendwa. Mswahili husema: hofu imeniingia, hasira zimenipanda, huzuni imenishika, moyo unaniuma. Katika sentensi hizo mtenda ni hisia au moyo, na msemaji amejikunyata ndani ya kiambishi -ni-. Mwanasaikolojia aliyefunzwa kwamba mtu aliyekomaa huzimiliki hisia zake, azitamke kwa ‘mimi’, ataona hapa mgonjwa anayekwepa wajibu. Atamhimiza aseme ‘mimi nina hasira’. Mgonjwa atatii kwa adabu, na daftari litaandika maendeleo. Huko ni kumsahihisha mtu sarufi na kukuita tiba.

Adabu yenyewe ina mitego yake. Mama wa miaka sitini, akiulizwa hali na kijana wa umri wa mwanawe, atajibu ‘nzuri’ hata kama amefiwa juzi. Maamkizi hayaruhusu jingine. Maelezo ya ugonjwa huanzia kwenye ‘ila’ inayofuata, iwapo ataachiwa nafasi ya kuitamka.

Itasemwa kwamba haya yamekwisha kuangaliwa. Kweli, mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013, toleo la tano, una mahojiano ya kiutamaduni yenye maswali 16, likiwamo linalomtaka mgonjwa alieleze tatizo kwa maneno yake mwenyewe. Hiyo ni hatua. Lakini yote 16 huelekezwa kwa mgonjwa. Hata lile la mwisho, linalohusu kutoelewana baina ya tabibu na mgonjwa kwa sababu ya tofauti za asili, humtaka mgonjwa ndiye aeleze wasiwasi wake.

Zoezi la kufaa zaidi lingekuwa kuyanasa mahojiano kwa ridhaa ya mgonjwa, kuyanukuu neno kwa neno, kisha kuyaweka kando ya daftari lililojazwa kwa Kiingereza, na kutia alama kila mahali ambapo -ni- imegeuzwa ‘mimi’. Kazi hiyo ni ya idara za isimu na za saikolojia kwa pamoja, wala haihitaji mfadhili: yatosha kinasa sauti, karatasi, na mtaalamu aliye tayari kuisikiliza sauti yake mwenyewe ikimkatiza mgonjwa kabla hajafika kwenye ‘ila’.