Usaili Usiomwona Mtoto

Nimekaa nyuma ya meza ya usaili kwa miaka mingi, nikiwapima vijana waliotaka kuwa walimu, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba jambo hili si la kwangu. Nasema waziwazi: namna wanavyochaguliwa madaktari wanaoomba kusomea ubobezi wa magonjwa ya akili ya watoto na vijana ni mbovu. Inampima mtu jinsi anavyoweza kujieleza, hali kazi anayoiendea ni ya kumfanya mwingine ajieleze, tena mwingine ambaye mara nyingi hataki kusema hata neno moja.

Kwanza msomaji aijue njia yenyewe. Kijana wa Kitanzania husoma udaktari miaka 5, hufanya kazi ya mazoezi mwaka 1, na akibahatika kupata nafasi ya ubingwa wa magonjwa ya akili, mathalani pale Muhimbili, husoma tena miaka 3. Hapo ndipo anapoweza kubisha hodi kwenye ubobezi wa watoto, ambao aghalabu humpeleka nje ya nchi. Chuo Kikuu cha Cape Town kinatoa shahada ya fani hiyo kwa miaka 2, na kule Ibadan, Nigeria, kipo kituo cha kufundisha afya ya akili ya watoto na vijana. Marekani, ambako fani hii ilitambuliwa kuwa tawi rasmi la ubingwa mwaka 1959, wana utaratibu wao. Mwombaji hutuma karatasi zake kwa njia ya kompyuta, husailiwa na vyuo kadhaa, kisha yeye huandika orodha ya vyuo anavyovipenda na vyuo huandika orodha ya wanaowapenda, halafu mashine huwaoanisha. Ni kama posa za zamani, ila mshenga hali pilau.

Karatasi zenyewe ni barua ya kujieleza, wasifu, na barua za wadhamini. Mimi nimeisoma barua moja ya namna hiyo. Kijana mmoja, mtoto wa mwalimu niliyefanya naye kazi, alikuja likizo hapa Ndalambo akaniomba niikague. Ilikuwa imejaa “mimi”. Mimi niliongoza, mimi nilibuni, mimi nina shauku. Nikamwuliza, “Mwanangu, mbona siku zote sikujua kuwa u hodari kiasi hiki?” Akacheka kwa aibu. “Mzee, ndivyo wanavyotaka. Usipojisifu wanasema hujiamini.”

Sisi tulilelewa kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kijana aliyefundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, leo anaambiwa akodoe macho kwenye kioo cha kompyuta na kuimba sifa zake kwa Kiingereza. Asipoweza, hukosa nafasi. Na yule wa mjini aliyesoma shule ya ada kubwa, mwenye ulimi mwepesi, huipata. Sina chuki na ulimi mwepesi. Ninachouliza ni hiki: ulimi huo una faida gani mbele ya mtoto wa miaka 9 aliyejikunja chini ya dawati?

Kijana wangu aliitwa kwenye usaili. Alikwenda kupanga chumba Tunduma ili apate mtandao ulio imara, akakaa mbele ya kompyuta yake amevaa tai, malori ya mpakani yakinguruma nje. Usaili ulichukua dakika 25. Waliuliza kwa nini amechagua fani ile, udhaifu wake ni upi, anajiona wapi baada ya miaka 10, na amechapisha makala ngapi. Nikamwuliza, “Walikuuliza lolote kuhusu mtoto uliyewahi kumtibu?” Akafikiri. “Hapana, Mzee. Muda ulikwisha.”

Muda ulikwisha! Watu wanachagua daktari wa watoto, na muda unakwisha kabla mtoto hajatajwa.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaniuma. Nilipokuwa mkuu wa chuo, tulikuwa tukizungukia shule za msingi kuwakagua walimu tarajali. Katika shule moja nilimkuta mvulana wa darasa la nne ambaye hakusema neno shuleni tangu baba yake alipofariki. Miezi saba. Nyumbani alizungumza na dada yake mdogo, tena kwa Kinyamwanga tu. Shuleni alichapwa kwa kosa la kiburi. Jirani walisema ametupiwa kitu, akapelekwa kwa mganga, akachanjwa chale. Mwalimu tarajali mmoja, binti mpole ambaye alama zake za nadharia zilikuwa za chini, alikuwa akimwachia yule mtoto kazi ya kuchunga chaki na kufuta ubao, asimwulize kitu. Wiki ya tano mtoto akamwambia, “Mwalimu, chaki zimekwisha.” Yule binti hakufanya sherehe wala hakumwita mwalimu mkuu aje kusikiliza. Alimjibu tu, “Haya, kachukue nyingine ofisini.”

Ningependa kujua ni jopo lipi la usaili lingemchagua binti yule. Angeulizwa anajiona wapi baada ya miaka 10, angenyamaza.

Katika vyuo vya ualimu hatukumpa mtu cheti kwa maneno yake. Kulikuwa na mazoezi ya kufundisha. Unasimama mbele ya watoto 60, mkufunzi anakaa dawati la nyuma na daftari lake, na baada ya nusu saa kila mmoja anajua kama wewe ni mwalimu au ni msemaji. Kwa nini wanaochagua madaktari wa akili za watoto wasifanye vivyo hivyo? Mwekeni mwombaji chumbani na mtoto na mzazi wake, kwa ridhaa yao, kwa nusu saa. Tazameni kama anaketi chini au anabaki juu ya kiti. Tazameni anavumilia kimya kwa muda gani kabla ya kuanza kuhubiri, na kama anamwuliza mama mambo yote huku mtoto akiwa pale pale kama mzigo. Na badala ya barua tatu za maprofesa, ombeni moja ya muuguzi wa zamu ya usiku.

Wapo watakaosema mtoto mgonjwa si chombo cha kufanyia mtihani. Hoja hiyo naiheshimu, lakini wanaoitoa wenyewe walitahiniwa mbele ya wagonjwa walipokuwa wakitafuta shahada zao, na hakuna aliyelalamika. Wengine watasema usaili wa mbali hauna nafasi ya mambo hayo. Basi jopo litume mtu hospitali anakofanyia kazi mwombaji, amtazame siku moja. Nauli ya mtu mmoja ni ndogo kuliko hasara ya kumsomesha miaka miwili mtu asiyefaa.

Lipo kundi la tatu, nalo ndilo linalonichosha. Hawa husema huku kwetu tuna malaria na utapiamlo, akili za watoto ni anasa za Wazungu. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7, na karibu nusu yetu ni watoto wasiofikisha miaka 18. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya umri huo, na theluthi kabla ya miaka 14. Waliobobea katika akili za watoto nchini ni wa kuhesabu vidoleni. Mzazi wa Ndalambo akiandikiwa rufaa, hupanda gari hadi Tunduma, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na mambo yakizidi, Mirembe kule Dodoma, hospitali iliyojengwa mwaka 1927. Nani ataniambia hii ni anasa?

Jambo la mwisho ni la kurudi. Marekani, pamoja na utajiri wao, nafasi za ubobezi huu hubaki wazi mwaka hata mwaka kwa kukosa waombaji. Maana yake kijana wetu akifika kule milango iko wazi, na mimi simlaumu akibaki kama huku hakuna aliyemwandalia hata chumba. Serikali imefanya vyema kutoa ufadhili wa ubingwa na ubobezi unaobeba jina la Rais Samia. Lakini mkataba wa ufadhili useme pande zote mbili: daktari aahidi kurudi, na mwajiri aandike kabisa ni hospitali gani, chumba kipi, na muuguzi yupi atafanya naye kazi. Ahadi ya upande mmoja tuliizoea enzi za kupangiwa walimu vituo visivyo na nyumba, na tuliona walivyotoroka.

Kijana wangu bado anangoja majibu. Na jopo lolote likihitaji mtu wa kukaa dawati la nyuma na daftari, mimi nipo, nitakuja kwa nauli yangu, ila wanitaarifu mapema maana siku hizi magoti hayapendi basi la alfajiri.