Ajali Hii Ina Kinga



Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda Westlands utaiona ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilometa 27. Mapande yake makubwa ya zege yaliinuliwa kwa winchi. Kazi ya namna ile haifanywi kwa kamba iliyookotwa.

Lakini endelea mbele kidogo, ufike Kangemi, Uthiru na Kabete. Huko mtu akitaka kutoa pampu kisimani, kupandisha tangi la maji juu ya mnara au kushusha injini ya trekta, mara nyingi hutwaa kamba yoyote iliyo karibu, akaifunga fundo, akaita vijana wavute. Maoni yetu ni kwamba desturi hii haifai kabisa.

Wengine husema kuwa sheria za winchi ni za wenye viwanda. Sivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali watu wafanyapo kazi, na shamba lenye vibarua ni mahali pa kazi. Sheria hiyo yaagiza minyororo, kamba na vyombo vya kuinulia vichunguzwe na mtaalamu angalau mara moja kila miezi 6.

Kwanza, ujue uzito wa mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi tangi la lita 1,000 lisilomwagwa maji lina kilo 1,000, bila kuhesabu tangi lenyewe.

Pili, angalia jinsi miguu miwili ya kamba inavyotanuka kutoka kwenye kulabu. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mzigo wa kilo 1,000 ukining'inia kwa miguu miwili iliyo wima, kila mguu hubeba kilo 500. Miguu ikitanuka hadi nyuzi 90 baina yao, kila mmoja hubeba kilo 707 hivi. Ikifika nyuzi 120, kila mguu hubeba kilo 1,000 kamili! Mzigo haukuongezeka, bali kamba imeelemewa maradufu. Kanuni nyepesi ni hii: nafasi kati ya mahali pawili ulipofunga kwenye mzigo isizidi urefu wa mguu mmoja wa kamba.

Tatu, usifunge fundo. Fundo laweza kupunguza nguvu ya kamba kwa nusu. Kwenye kona kali za chuma weka gunia nene au mpira, kamba isikatwe.

Nne, soma kibandiko. Kwa kawaida mkanda wa kitambaa wa rangi ya zambarau ni wa tani 1, wa kijani tani 2, wa manjano tani 3. Mkanda uliopoteza kibandiko, uliochanika au kuungua, usiutumie. Ukiuziwa kwa bei rahisi mkanda uliotupwa na mjenzi, jiulize kwa nini aliutupa.

Tano, asisimame mtu yeyote chini ya mzigo, hata kwa dakika moja. Mzigo uongozwe kwa kamba ndefu kutoka pembeni, na mtu mmoja tu ndiye atoe ishara.

Twajua utasema kuwa vyombo vizuri ni ghali. Ni kweli kwa mkulima mmoja. Lakini wanachama wa chama cha ushirika wakichanga, waweza kununua mikanda miwili na mnyororo mmoja, wakaviweka pakavu pasipo jua, na kuandika daftarini nani alivichukua na siku gani vilichunguzwa. Gharama ikigawanywa hivyo, haimlemei mtu.

Watu husema ajali haina kinga. Ajali ya kamba kukatika ina kinga, nayo ni kuitazama kamba kabla ya kuinua mzigo. Kijana unayemwita kuvuta kamba ni mtoto wa mtu. Mrudishe kwao jioni akiwa mzima.