Jezi ya Man U sileti tena!

Wadau wa Tanga, huku Uingereza baridi ni ile ile. Nyie tuliosoma wote, kila tukiongea ni jezi ya Man U tu. Sileti! Mnaijua Grimsby? Mji wa bandari na samaki kama kwetu, timu yao mwaka 2025 ilikuwa daraja la nne. Wazee wanakwenda uwanjani na wajukuu hata mvua ikinyesha, na Agosti 2025 waliitoa hiyo Man U yenu kwa penalti 12-11. Sisi tunayo Coastal Union, bingwa wa Tanzania 1988, wagosi wenyewe! Mkwakwani mnaingia Simba na Yanga zikija, tena mnawashangilia wageni. Hamuoni haya jamani? Anayetaka jezi anionyeshe kwanza tiketi ya Coastal.