Oksijeni itangulie klorini

Serikali za Afrika Mashariki zinazotafuta wawekezaji wa viwanda vya karatasi nyeupe ziweke sharti moja kwenye leseni: rojo la mbao lipitie oksijeni kabla ya kuguswa na dawa yoyote ya klorini. Lignini ndiyo gundi inayoshikamanisha nyuzi za mti, na mabaki yake ndiyo yanayoupa mfuko wa saruji rangi ya kahawia. Kupika mbao kwa kostiki soda na salfaidi huondoa sehemu kubwa, kinachobaki hung'ang'ania. Kwa miongo mingi viwanda vilikimaliza kwa gesi ya klorini, mpaka miaka ya 1980 ilipobainika kuwa majitaka yake yalibeba dioksini, sumu inayojilimbikiza kwenye mafuta ya samaki. Oksijeni hufanya kazi kwa namna nyingine. Rojo huchanganywa na soda, hupashwa moto hadi karibu nyuzijoto 100, kisha gesi huingizwa kwa shinikizo. Soda huipokonya lignini hidrojeni, oksijeni ikapata pa kuishambulia, na karibu nusu ya mabaki huyeyuka. Maji hayo meusi hayana haja ya kwenda mtoni: huvukizwa, lignini huchomwa kwenye boila kutoa nishati, na soda hurudi kazini. Yenye klorini hayarudishwi hivyo, kwani hula chuma cha boila.

Wapo wanaosema teknolojia hii ni ya matajiri. Ni kweli inadai tangi la shinikizo na mtambo wa oksijeni, lakini kiwanda cha kwanza duniani kuitumia kibiashara kilikuwa Enstra, Afrika Kusini, mwaka 1970. Hoja nzito zaidi ni kwamba oksijeni hukata na selulosi yenyewe, yaani nyuzi zinazotakiwa kuwa karatasi, hasa chuma na manganizi zilizomo kwenye mbao zinapoichochea. Chumvi za magnesi huikinga selulosi, na mafundi husimama wakifika nusu. Hatua ya mwisho basi huachiwa klorini dayoksaidi, ambayo imepunguza mno dioksini. Lakini kipimo chake hufuata lignini iliyobaki, na maji yake bado humwagwa. Na kinachomwagwa mtoni hufika mbali: Mto Nzoia, unaopita Webuye palipojengwa kiwanda cha karatasi, huishia Ziwa Victoria. Sharti liwekwe kabla ya ujenzi, kwa sababu boila iliyojengwa ndogo haiwezi kupokea lignini ya ziada, na kuipanua baadaye ni ghali kuliko kuijenga vyema tangu mwanzo.