Mzazi, kaza breki ya mkono, usimtume mtoto kuweka jiwe

Katika nyumba nyingi zenye gari la zamani kuna jiwe linalojulikana na familia nzima. Hukaa karibu na geti, na kila baba au mama anaporudi kutoka kazini, mtoto mmoja hukimbia kulichukua na kuliweka nyuma ya tairi ili gari lisirudi nyuma. Huonekana ni kazi ndogo, na watoto huigombea.

Jiwe hilo lina maana moja tu: breki ya mkono ya gari hilo haishiki. Mtoto anayetumwa kuliweka huinama nyuma ya gari lenye uzito wa takriban tani moja, mahali ambapo kimo chake hakionekani kwenye kioo chochote cha dereva. Gari likisogea hatua moja tu, hana muda wa kukimbia. Kwa familia zinazoishi kwenye miinuko, iwe ni vilima vya Mwanza, Lushoto au Goba jijini Dar es Salaam, hatari hiyo hurudi kila jioni.

Habari njema ni kwamba tatizo hili mara nyingi halihitaji kifaa kipya. Huhitaji marekebisho tu, yakifanywa kwa mpangilio sahihi.

Kwa nini breki hulegea

Magari mengi ya zamani yana breki za dramu kwenye matairi ya nyuma. Ndani ya dramu kuna viatu viwili vya breki, vyuma vilivyopinda vyenye utando mgumu juu yake. Dereva akivuta breki ya mkono, waya huvuta wenzo mdogo uliomo ndani ya dramu, nao husukuma viatu vitanuke na kubana dramu isizunguke.

Utando ule hulika kidogo kidogo. Kadiri unavyopungua, nafasi kati ya viatu na dramu huongezeka, na mkono wa breki hulazimika kupanda juu zaidi kabla ya kushika. Dalili nyingine ni pedeli ya breki kuzama sana ukiikanyaga mara ya kwanza, kisha kupanda ukiikanyaga mara ya pili.

Kipimo rahisi ni kuhesabu mlio wa "tik" unapovuta mkono wa breki. Magari mengi ya aina hii hushika kati ya tik 5 na 8, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho. Ukifika 10 na zaidi, usisubiri.

Kosa linalofanyika mara nyingi

Gereji nyingi hukimbilia kukaza nati ya waya iliyo chini ya mkono wa breki. Ni kazi ya dakika chache, na mteja huondoka ameridhika. Lakini ile nafasi ndani ya dramu inabaki palepale. Waya uliovutwa kupita kiasi huzuia viatu kurudi mahali pake, na kifaa kinachojirekebisha chenyewe ndani ya dramu hushindwa kufanya kazi. Matokeo yake gari huwa zito, hula mafuta, tairi la nyuma hutoa joto na harufu ya kuungua, na baada ya muda breki hulegea tena.

Kwa hiyo sentensi ya kumwambia fundi ni hii: "Anza na dramu, waya uwe wa mwisho."

Hatua zenyewe

Gari liwe kwenye sehemu tambarare na ngumu. Matairi ya mbele yazuiwe kwa vigingi mbele na nyuma, gia iwe namba moja, au P kwa gari la otomatiki, na breki ya mkono iteremshwe kabisa. Watoto wawe ndani ya nyumba. Gari likishainuliwa kwa jeki, liegeshwe juu ya stendi imara. Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kwanza, nati ya waya ilegezwe mpaka waya usiwe na mvuto.

Pili, nyuma ya kila dramu huwa na tundu dogo, mara nyingi limezibwa kwa mpira. Ndani yake kuna kigurudumu chenye meno. Fundi hukizungusha kwa bisibisi bapa mpaka tairi ligome kuzunguka kwa mkono, kisha hukirudisha nyuma meno machache mpaka tairi lizunguke kwa mkwaruzo mdogo sana. Pande zote mbili zilingane.

Tatu, pedeli ya breki ikanyagwe mara kadhaa ili viatu vikae sawa, kisha matairi yakaguliwe tena.

Nne, sasa ndipo waya hukazwa, mpaka mkono ushike ndani ya tik zilizotajwa kwenye kitabu. Ukiteremshwa, matairi yote mawili yazunguke bila kuzuiwa.

Marekebisho hayatasaidia ikiwa utando umebaki chini ya milimita moja, kama waya umeshika kutu, au kama ndani ya dramu kumelowa mafuta ya breki yanayovuja. Hapo kinachohitajika ni kubadilisha kilichoharibika. Viatu vya breki hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja.

Vumbi la dramu

Dramu ikifunguliwa hutoa vumbi jeusi. Viatu vya breki vya zamani, na vingine ambavyo bado vinauzwa katika baadhi ya nchi, huwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Ugonjwa huo huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuvuta vumbi hilo, na kwa macho huwezi kujua vumbi lipi lina asbesto na lipi halina.

Kwa sababu hiyo, dramu isipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Ifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, nacho kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Mzazi aliyefanya kazi hiyo abadili nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Kupima na kuegesha

Baada ya kazi, jaribu kwenye mteremko mdogo usio na mtu mbele wala nyuma. Kanyaga breki, weka gia huru, vuta breki ya mkono, kisha achia pedeli taratibu huku mguu ukibaki juu yake. Gari likisogea, kazi haijakamilika. Rudia likiwa limeelekea upande wa pili.

Hata breki nzuri isiachiwe kazi yote peke yake. Gari la gia za kawaida liegeshwe likiwa kwenye gia namba moja au rivasi. Kwa la otomatiki, vuta breki ya mkono kwanza ndipo uachie pedeli, kwa sababu P hushikiliwa na kipande kidogo cha chuma ndani ya gia boksi. Funga milango na uondoke na funguo, maana mtoto anayecheza ndani ya gari anaweza kushusha breki kwa kubonyeza kitufe kimoja tu.

Na kama leo bado hujafika kwa fundi na jiwe linahitajika, egesha sehemu tambarare, weka gia, zima gari, hakikisha limetulia, kisha shuka uliweke mwenyewe ukiwa umesimama pembeni mwa tairi. Mtoto akusubiri mlangoni.