UCHAMBUZI: Usalama wa mtoto mchanga ufuoni Sio Port ni jukumu la kaunti pia

USHAURI kuhusu kumpeleka mtoto mchanga ufuoni kwa kawaida hutolewa kwa mzazi aliye likizoni: amkinge na jua, asimwache karibu na maji, amrudishe nyumbani akichoka. Katika Sio Port, Kaunti ya Busia, ambako Mto Sio humwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na mpaka wa Uganda, ushauri huo ni sahihi lakini hautoshi. Huko ufuo ni mahali pa kazi. Mama anayewangoja wavuvi alfajiri ili anunue omena, akaianika na kuigeuza juani, huenda na mwanawe mgongoni pale ambapo hana wa kumwachia.

Kwa hiyo usalama wa mtoto huyo hauwezi kuachiwa uangalifu wa mama peke yake. Ni suala la afya ya umma, na sheria za nchi tayari zimeeleza ni nani mwenye wajibu.

Hatari ya kwanza haionekani kwa macho. Vimelea vya kichocho cha matumbo hukua ndani ya konokono wadogo wa ziwani. Vikishatoka humo huogelea majini, na vinapokutana na ngozi ya binadamu huipenya kwa muda wa dakika chache. Si lazima mtu ayanywe maji ndipo aambukizwe. Mtoto asiyejua hata kutambaa hupata ugonjwa huo anapoogeshwa penye kina kifupi, au kwa maji ya ziwa yaliyochotwa muda huo huo na kumiminwa kwenye beseni. Ugonjwa usipotibiwa hudhuru utumbo na ini, na huweza kumletea mtoto upungufu wa damu na kumdumaza.

Katika vita dhidi ya minyoo, Busia ina historia ya pekee. Kuanzia mwaka wa 1998, shule 75 za msingi katika tarafa za Funyula na Budalang'i zilihusishwa katika mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo. Shule ambako kichocho kilikuwa kimeenea, hasa za karibu na ziwa, zilipewa pia dawa ya prazikwanteli. Utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer, uliochapishwa mwaka wa 2004, ulionyesha kuwa utoro shuleni ulipungua kwa takriban robo. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa aina hiyo mwaka wa 2009, na Kremer akawa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019.

Hata hivyo, mpango unaopitia shuleni humfikia aliye shuleni. Mtoto wa mgongoni alibaki nje. Aidha, kwa miaka mingi hakukuwa na dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake. Vidonge vilivyopo ni vikubwa na vichungu. Ni mwaka wa 2022 tu ambapo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza watoto wapewe tiba katika kampeni za umma kuanzia umri wa miaka miwili.

Pengo hilo sasa lina tiba. Arprazikwanteli, kidonge kidogo kinachoyeyushwa katika maji kwa ajili ya watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita, kilifanyiwa majaribio nchini Kenya na Cote d'Ivoire. Wadhibiti wa dawa wa Ulaya walikiunga mkono Desemba 2023, na Mei 2024 WHO ikakiingiza katika orodha ya dawa ilizothibitisha ubora wake. Machi 2025 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kukipokea. Dawa hiyo haiwezi kupitia shuleni. Njia yake ya kawaida ni kliniki ya chanjo na wahudumu wa afya wa kijijini, ambao humfahamu kila mtoto kwa nyumba yake.

Lakini dawa haizuii maambukizi mapya. Mtoto aliyetibiwa leo akiogeshwa kesho kwa maji yale yale ataugua tena. Maji ya ziwa yakichemshwa na kupozwa, au yakiwekwa katika chombo safi kilichofunikwa kwa siku mbili, vimelea hivyo hufa. Mama anaweza kufanya hivyo nyumbani. Ufuoni, ambako hakuna bomba wala choo cha kutosha, hawezi. Na pasipo vyoo mzunguko hauishi, kwa kuwa ni kinyesi cha binadamu kinachopeleka mayai ya minyoo kwa konokono.

Hatari ya pili ni jua. Sio Port iko karibu kabisa na ikweta, na omena huanikwa mahali palipo wazi. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji kivuli, kofia na nguo nyepesi. Kumfunika gubigubi kwa leso humzidishia joto. Wala asipewe maji kwa sababu ya kiu: maziwa ya mama yanamtosha, ila anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Hatari ya tatu ni kuzama. Mtoto aanzapo kutembea, dakika moja ya mama kuhesabu pesa inatosha kumfikisha majini. Miongoni mwa hatua ambazo WHO inapendekeza ni kuwa na mahali salama, mbali na maji, pa kuwatunza watoto ambao hawajafikia umri wa shule. Bangladesh imelitekeleza hilo kupitia vituo vya malezi vijijini.

Je, wajibu ni wa nani? Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge vyumba vya kunyonyeshea kazini. Mchuuzi wa samaki hana mwajiri, hivyo sheria hiyo inampita kando. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi serikali za kaunti vituo vya malezi ya watoto pamoja na huduma za afya za mashinani. Vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU), vilivyowekewa kanuni mwaka wa 2007, vinaweza kuonyesha mahali panapofaa na kusimamia matumizi yake.

Huenda ikasemwa kuwa fedha ni chache. Hoja hiyo ina uzito, lakini kinachohitajika hapa ni paa, ua, bomba, vyoo na mlezi anayelipwa. Kujenga hayo ni nafuu kuliko kumtibu mtoto yule yule kila mwaka.

Mwisho, konokono hawatambui mpaka. Wasamia wanaishi Kenya na Uganda, na maji wanayoyatumia ni ya ziwa moja. Kampeni za tiba za nchi hizi mbili zikifanywa kwa majira tofauti, upande mmoja utakuwa ukiuambukiza mwingine. Busia, iliyoufunza ulimwengu thamani ya kumtibu mwanafunzi, haina budi sasa kumgeukia mdogo wake aliye mgongoni.